Talenta iliyofukiwa ndani ya simu



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, kijana wa parokia yetu alinijia chini ya mwembe. Jina lake silitaji, kwa kuwa hayuko peke yake. Alinisalimu kwa heshima, kisha akasema: «Mwalimu, mimi ni mwandishi.»

Nilifurahi sana. Huku kwetu mafundi wa kushona tunao, mafundi wa pikipiki tunao, waimbaji tunao wengi kupita kiasi. Lakini waandishi ni haba. Nikamwuliza: «Umeandika nini, mwanangu?»

Akajibu: «Bado, Mwalimu. Kwa sasa nawafuata waandishi.»

Nikadhani anawafuata kama mwanafunzi anavyomfuata fundi kazini. Sivyo. Alitoa simu mfukoni akanionyesha. Wa kwanza alikuwa Bwana Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, akitoa hotuba yake ya zawadi ya Nobel, mwezi wa Desemba 2021. Wa pili alikuwa Bwana Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981, akisoma maneno ya kitabu chake «Tram 83», mara kwa kunong'ona, mara kwa kunguruma, na mpiga saksofoni amesimama karibu naye. Baada yao wakaja wengine wengi, wanaume kwa wanawake, wa Ufaransa, wa Nijeria, wa Marekani. Wameketi vitini, bilauri za maji ziko mezani. Wanaulizwa, wanajibu, watu wanapiga makofi. Kijana alijua habari zao zote. Huyu huamka saa kumi za usiku. Yule huandika kwa mkono. Bibi huyu hawezi kuandika pasipo muziki.

Nikamwuliza tena: «Na kitabu hicho cha ndugu yetu wa Lubumbashi, umekisoma?»

Akatazama chini. «Nimemsikia akikisoma», akasema.

Kijana huyu si mwovu. Ana akili, ana adabu, hanywi pombe, haibi. Wazazi wake wamshukuru Mungu. Lakini miaka mitatu sasa ajiita mwandishi, na katika miaka hiyo mitatu hakuandika hata kurasa kumi. Nao wenzake, wasichana kwa wavulana, ni wengi katika miji yetu. Kwa ajili yao naandika maneno haya, nao wanisamehe kama yatauma.

Neno langu ni moja, nalisema wazi. Kumtazama mwandishi si kuandika. Na mtu atazamaye waandishi ili asianze kuandika, huyo anafukia talenta aliyopewa na Mungu.

MTUMISHI ALIYEOGOPA

Mnakumbuka mfano wa talenta katika Injili ya Matayo, sura ya 25. Bwana mmoja alisafiri, akawaachia watumishi wake mali. Wawili walifanya biashara, wakapata faida. Wa tatu alichimba shimo, akafukia.

Watu wengi hawamwelewi huyu wa tatu. Wanadhani alikuwa mwizi au mlevi. Hata kidogo! Hakuiba. Hakutapanya kama mwana mpotevu. Talenta aliirudisha nzima, haikupungua. Bila shaka aliifikiri mara nyingi, na pengine usiku alikwenda kukanyaga udongo pale mahali aone kama iko salama. Kosa lake lilikuwa nini? Hakuitumia. Na sababu aliitaja yeye mwenyewe: aliogopa.

Basi simu imekuwa udongo wetu mpya. Kijana mwenye kipaji cha kuandika aogopa karatasi tupu. Na kweli karatasi tupu inatisha, mimi najua. Karatasi tupu yakuonyesha mara moja kwamba hujui. Kumbe yule mwandishi simuni hakuonyeshi ubaya wako. Anakupendeza. Anakufanya ujione mmoja wa watu wake. Ukimaliza kumsikiliza saa nzima, moyo umejaa joto, unasema: leo nimefanya kazi ya uandishi. Hukufanya kitu. Umekwenda kukanyaga udongo, basi.

AGOSTINO NA AMBROSI

Mtu mmoja ataniambia: «Mwalimu, wewe ni mtu wa zamani, wachukia mambo mapya.» Sivyo. Wala jambo hili si jipya.

Mtakatifu Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno huko Milano. Alikwenda kumsikiliza Askofu Ambrosi. Katika kitabu chake cha Maungamo aeleza kwamba mwanzoni hakujali mambo aliyoyasema Askofu. Alipenda namna alivyoyasema. Alikuwa fundi anayemtazama fundi mwenzake. Tena aeleza ya kuwa yeye na wengine waliingia chumbani mwa Ambrosi, wakamkuta akisoma kimya, macho yanapita juu ya ukurasa na mdomo umefungwa. Waliketi muda mrefu pasipo kusema neno, wakimtazama, kisha wakaenda zao.

Mnaona! Zaidi ya miaka 1600 iliyopita watu walikwisha kuketi ili kumtazama mtu mashuhuri akisoma. Basi siwezi kusema kwamba ni dhambi. Agostino alipata faida kubwa, maana kwa kufuata uzuri wa maneno alikutana na ukweli uliokuwa ndani yake. Lakini tuangalie alifanya nini baadaye. Katika Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa na Ambrosi huyo huyo. Miaka kama kumi ilipopita, akiwa Askofu huku Afrika, alianza kuandika Maungamo. Kama angalibaki daima katika chumba kile cha Milano, ametulia, anamkodolea macho Ambrosi, sisi leo tusingalijua jina lake.

Nao mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, alituachia barua juu ya faida ya fasihi katika malezi, iliyoandikwa tarehe 17 Julai 2024. Kwanza alitaka kusema na mapadri na wale wanaojitayarisha kuwa mapadri. Kisha akaona inawafaa wakristu wote. Asimulia humo kwamba katika miaka ya 1964 na 1965, alipokuwa bado kijana Myezuiti, alifundisha fasihi katika shule moja ya Santa Fe, nchi ya Argentina. Mwaka 1965 alimwalika mwandishi mkubwa wa nchi ile, Jorge Luis Borges, aje kusema na wanafunzi wake. Borges naye akaja, ijapokuwa macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa.

Vijana wale walimwona mwandishi kwa macho yao, si kwa kioo cha simu. Lakini mwalimu wao hakuridhika na hayo. Aliwaandikisha hadithi zao wenyewe. Hadithi hizo zikapelekwa kwa Borges, naye akaandika dibaji, na kitabu kidogo kikapigwa chapa mwaka ule ule. Huo ndio utaratibu mwema: mgeni aje, asikilizwe, aulizwe, na wanafunzi wawe na karatasi zao za kumwonyesha. Mwanafunzi asiye na karatasi, ziara ya mgeni yamfaa nini? Atabaki kusimulia kwamba alimwona.

MAMBO YASIYOONEKANA

Kuna jambo ambalo simu haiwezi kuonyesha. Yaonyesha mwandishi baada ya kazi, haimwonyeshi kazini.

Katika nchi ya Marekani, mkoa wa Georgia, aliishi mwandishi mkatoliki, Flannery O'Connor. Alizaliwa mwaka 1925. Ugonjwa wa lupus, uliomwua baba yake, ulimshika yeye pia akiwa bado kijana, akarudi kukaa na mama yake shambani, karibu na mji wa Milledgeville. Alitembea kwa magongo. Alikufa mwaka 1964, mwenye umri wa miaka 39. Alituachia riwaya mbili na hadithi nyingi fupi, nazo zasomwa hata leo katika nchi nyingi.

Mwezi wa Aprili 1959 alisoma moja ya hadithi hizo mbele ya watu katika chuo kikuu cha Vanderbilt, na sauti yake ikanaswa. Leo yeyote mwenye simu aweza kuisikia. Utasikia sauti nzito ya watu wa kusini mwa Marekani, na watu wakicheka. Kisha polepole kicheko chakoma, maana hadithi yaelekea mauti. Ni jambo la kufaa sana kulisikiliza.

Lakini angalia: hadithi ile ilikuwa imekwisha kupigwa chapa tangu mwaka 1953. Unayoyasikia ni mavuno. Kulima hakukunaswa. Asubuhi kwa asubuhi mwanamke yule mgonjwa aliketi mezani, saa mbili au tatu, kwa kuwa nguvu zake hazikumruhusu zaidi. Asubuhi nyingine aliandika vizuri, nyingine alifuta yote. Nani angalitazama mambo hayo? Mtu ameketi, anaandika mstari, anaufuta, anatazama dirishani. Hakuna makofi, wala bilauri ya maji, wala maswali. Hata hivyo pale ndipo palipokuwa na kazi. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi twataka cha mvunguni tukiwa tumesimama, tunamtazama mwingine anayeinama.

Tena tupambanue mambo mawili, maana vijana huyachanganya. Kumsikiliza mwandishi akisoma ni jambo moja; kumsikiliza akihojiwa ni jambo jingine. Akisoma, anakupa kazi yenyewe. Sikio lako lajifunza mahali anapopumua, mahali anapokata neno, namna sentensi ndefu inavyofuatwa na fupi. Hilo ni fundisho la kweli. Lakini akihojiwa, mara nyingi aulizwa juu ya maisha yake, juu ya wakubwa wa nchi, juu ya zawadi alizopata. Maneno yale yaweza kuwa mazuri, lakini si ufundi. Ni kama kumwuliza seremala kuhusu watoto wake. Utampenda seremala, kiti hutakijua.

UDHURU TATU

Nimewauliza vijana kadhaa kwa nini hawaandiki. Walinijibu kwa namna tatu.

Udhuru wa kwanza: «Bado najifunza.» Haya. Kujifunza ni kwema. Lakini kujifunza kuna mwisho wake, na mwisho huo ni kutenda. Wazee wa Baluba walikuwa na chama cha Mbudye, wenye kutunza habari za wafalme. Walikuwa na ubao mdogo uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga na makombe. Mjuzi alipitisha kidole juu ya shanga, akasimulia habari za Nkongolo na za Kalala Ilunga, na za safari na za koo. Je, mtu aliitwa mjuzi kwa sababu alikaa karibu na wajuzi? Hapana. Aliitwa mjuzi kwa sababu alipopewa ubao, kinywa chake kilifunguka. Wewe uliyepewa ubao miaka mitatu, mbona kinywa chako kimefungwa?

Udhuru wa pili: «Huku kwetu hakuna vitabu. Simu ndiyo maktaba yangu.» Udhuru huu nauheshimu, maana una kweli nyingi. Katika miji yetu mingi duka la vitabu halipo, na penye duka bei ya kitabu kimoja yaweza kula chakula cha nyumba cha siku nyingi. Kijana asiye na kitabu akimsikia mwandishi akisoma simuni, amepata kitu, na nani atamlaumu? Lakini tuseme kweli yote. Mega hazigawiwi bure. Anayenunua mega kila juma ili kutazama mahojiano, kwa muda wa miezi kadhaa ametumia faranka ambazo yeye na rafiki zake watatu wangezikusanya, wakanunua kitabu kimoja, wakakisoma kwa zamu. Na daftari la kuandikia lina bei ndogo kuliko mega za juma. Umaskini watuzuia mambo mengi. Huu wa kutoandika hatuwezi kuusukumia juu yake.

Udhuru wa tatu ndio wenye nguvu kuliko zote, nao husemwa kwa sauti ndogo: «Mimi ni nani? Wale wasema Kifaransa cha kitabuni, au Kiingereza. Mimi nina Kiswahili cha nyumbani na habari za kijiji.» Ndugu yangu, hapo ndipo nataka kukushika mkono. Yule Bwana Gurnah unayemtazama, alizaliwa mwaka 1948 katika lugha hii hii ya Kiswahili. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987, alipokuwa karibu na miaka 40. Kitabu chake cha mwaka 1994, «Paradise», chasimulia habari za kijana anayechukuliwa katika msafara wa biashara, kutoka pwani hata ng'ambo ya ziwa kubwa. Ni njia zile zile zilizoleta Kiswahili huku kwetu. Mwaka 2022 kitabu hicho kiligeuzwa kwa Kiswahili, kikaitwa «Peponi». Basi ona: mtu aliandika kwa Kiingereza habari za misafara yetu, na watu wakafanya kazi kubwa kuzirudisha katika lugha yetu. Na wewe uliye nazo tayari, katika lugha yenyewe, unaona haya! Wasema habari za kijiji si kitu. Mwanamke wa Georgia aliandika habari za nini? Za wakulima wa jirani, za barabara za vumbi, za wahubiri wa vijijini.

KOSA LANGU MIMI

Na mimi nisijifanye mtakatifu. Jiwe nililolitupa limeniangukia kwanza mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikusudia kuandika maisha ya katekista mmoja mzee, mtu wa kando ya ziwa Tanganika, aliyenifundisha sala nikiwa mtoto. Mwaka 1964, waasi walipouteka mji wa Albertville, uitwao leo Kalemie, na hofu ikaenea vijijini, yeye alikuwa bado kijana. Alichukua kalisi ya kikanisa cha kijiji chao, akaificha chini ya mihogo mikavu ndani ya ghala. Mjane mmoja, jirani, akaja kila jioni kuwasha moto wake na kupika mbele ya mlango wa ghala hiyo, ili asiingie mtu. Watu wenye silaha walipita pale, hata wakamwomba ugali, naye akawapa. Kalisi ikapona. Mzee alinisimulia hayo mara moja tu, jioni moja, kwa maneno machache, akanena: «Siku nyingine nitakueleza yote vizuri.»

Nikaona kwamba habari kama hii yataka matayarisho. Basi majira yale ya mvua nilinunua mega, na kila usiku nikasikiliza waandishi wakisema juu ya namna ya kuandika maisha ya watu. Walisema vizuri sana. Nilijaza daftari zima kwa maneno yao. Nilijiambia: nikiwa tayari, nitakwenda kwa mzee na kalamu yangu.

Katikati ya Kwaresima mzee alifariki. Nilikwenda kumzika. Daftari langu lilikuwa limejaa, na habari zake yeye hazikuwamo, hata mstari mmoja. Jina la yule mjane sikuwa nimemwuliza. Baadaye niliuliza kijijini, kwa watoto wake, kwa wazee waliobaki, hakuna aliyelijua. Mungu alijua, namshukuru. Lakini kalamu alinipa mimi.

Ndiyo sababu nikimwona kijana ananionyesha simu yake kwa furaha, siwezi kucheka naye. Saa anazotumia si zake tu. Ni za bibi yake pia, ambaye yuko hai leo jioni.

WAZAZI WASINISHANGILIE

Wazazi na wakubwa wa parokia wanaosoma maneno haya, wasipige makofi haraka. Najua watasema: «Ndiyo, Mwalimu, waambie hao! Simu zinawaharibu.» Lakini mimi nawauliza ninyi: nani kati yetu amekwisha kumwambia kijana, «Njoo unisomee ulichoandika»? Kijana akiimba, tunampa kwaya. Akicheza mpira, tunampa kiwanja. Akiandika, tunamwuliza kama ataoa kwa karatasi. Basi amekwenda kutafuta watu wake mahali walipo, hata kama ni ng'ambo ya bahari, hata kama wao hawamwoni. Upweke wake ni deni letu. Tukitaka aiweke simu chini, tumfungulie mlango mwingine.

BASI TUFANYE NINI?

Sisemi tuzivunje simu. Nasema tufanye hivi.

Kwanza, saa kwa saa. Ukimsikiliza mwandishi nusu saa, uandike nusu saa. Na kuandika kutangulie. Nusu saa kila siku ni zaidi ya saa 180 kwa mwaka. Mtu akiandika nusu ukurasa tu kila siku, mwisho wa mwaka ana kurasa zaidi ya 180. Hicho ni kitabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, chagua usomaji kuliko mahojiano. Chukua usomaji mfupi mmoja, usikilize mara tatu, ufunge simu, uandike kwa maneno yako mwenyewe yale uliyoyashika. Kisha sikiliza tena uone ulipokosea. Zoezi hilo moja lashinda mazungumzo ishirini.

Tatu, kitafute kitabu chenyewe. Aliyemsikia mwandishi akisoma ukurasa mmoja, amekaribishwa mlangoni tu. Aingie nyumbani.

Nne, anza na mtu mzee aliye karibu nawe. Mwulize majina. Nasema tena: mwulize majina, ya watu, ya mito, ya vijiji vilivyohama. Habari huweza kukumbukwa na wengi, lakini jina hupotea siku moja tu.

Tano, msomeane. Mara moja kwa mwezi, katika chumba cha parokia au uani mwa mtu wa jumuiya yenu, watano au sita wakutane, kila mtu na ukurasa wake. Mwandishi wa simuni hawezi kukuambia: «Hapo umenichosha», wala: «Hapo umesema uongo, mama yangu hakusema hivyo.» Jirani yako ataweza. Mcheza kwao hutunzwa. Na mwandika kwao husahihishwa, jambo lililo bora zaidi.

Mkitaka mlinzi, mnaye. Papa Pio wa 11, katika mwaka 1923, alimweka Mtakatifu Fransisko wa Sales kuwa msimamizi wa waandishi wakatoliki. Sikukuu yake ni tarehe 24 Januari. Alipokuwa padri kijana alitumwa katika nchi ya Chablais kuhubiri, na watu waliogopa kuja kumsikiliza. Hakuwa na wasikilizaji wala makofi. Akafanya nini? Aliandika mafundisho yake juu ya karatasi, akayapitisha chini ya milango ya nyumba za watu. Hakumwona aliyezisoma. Aliandika tu, akainama, akasukuma karatasi, akaenda mlango wa pili.

Yule kijana wa chini ya mwembe nimekwisha kusema naye. Hakufurahi siku ile. Lakini tumepatana kwamba Dominika ya kwanza ya mwezi ujao ataniletea ukurasa mmoja juu ya bibi yake, naye atausoma mwenyewe kwa sauti. Nami nimeahidi kumsomea ukurasa wangu wa kwanza juu ya yule katekista. Umekwisha kuandikwa. Ndani yake kuna nafasi tupu, mahali pa jina la mjane.